Yatima Ndani ya Mkia

Upepo wa Kansas hauna adabu. Unatoka huko mashambani, haukuti mlima wala msitu wa kuuzuia, unafika getini pa kiwanda na hasira zake zote na kukuingia mpaka ndani ya suruali. Asubuhi hiyo Miro Arredondo alikuwa kalisogelea pipa la moto mpaka karibu aungue. Bango lake la mgomo kalitia kwapani, limepinda, maandishi yameshaliwa na mvua.

"We Miro, ukiungua shauri yako," Darlene Unruh akamwambia. "Bima wameshaikata."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka. Mgomo ulianza majani yakiwa bado mtini, sasa miti yote iko uchi. Walikuwa wanadai mambo mawili tu. Kwanza Jumamosi zao: mabosi walikuwa wanawaita kazini kila Jumamosi, utake usitake, mtu anasahau mwanaye anavaa viatu namba ngapi. Pili bima ya matibabu, ambayo kampuni ilitaka ibebwe na wafanyakazi wenyewe. Na walipogoma, kampuni ikaikata yote, ili waumwe vizuri.

Darlene ndiye alikuwa mkuu wa geti. Mama wa miaka sitini na kitu, mwili kama friji, sauti kama honi ya treni. Kazini ndiye alikuwa pacha wa Miro. Walikuwa watu wa mikia. Darlene anakaa nje na bunduki ya upepo, anapiga ribiti, zile pini za chuma zinazoshikanisha mabati ya ndege. Miro, kwa kuwa kaumbwa mdogo, anajikunja ndani ya mkia wa ndege, gizani, kashikilia chuma upande wa pili, ili ribiti inapogongwa huku, kule ncha yake ibonyee na kufunga. Hawaonani. Wanaongea kwa kugonga. Miro akigonga mara moja, piga tena. Mara mbili, safi, twende. Miaka saba wamegongeana hivyo. Mke wa Miro aliwahi kusema Darlene anamjua mumewe kuliko yeye, na hakuwa anatania sana.

Pikapu ya kijivu ikakata kona, ikapunguza mwendo. Ilikuwa ya Merle Applegate, rubani wa majaribio. Ndege ikikamilika, kabla haijakabidhiwa kwa tajiri aliyeinunua, Merle ndiye anayeirusha kwanza aone kama itashuka vizuri. Marubani hawakuwa kwenye chama cha wafanyakazi, kwa hiyo akipita hakuna aliyemtukana. Akashusha kioo.

"Bado hamjapata kazi tu?"

"Tukikosa kabisa tutakuwa marubani!" Darlene akamjibu. "Kazi ya kukaa kitako na kula karanga!"

"Karanga zenyewe siku hizi wanapunja." Merle akatazama mbingu. "Kesho nina moja ya kurusha. Niombeeni upepo utulie."

"Omba mwenyewe, mzee. Sisi Mungu tunamwomba aturudishie Jumamosi zetu."

Akaingia huku anacheka. Wakabaki wanapiga miguu chini. Baada ya muda milango mikubwa ya jengo ikafunguka na trekta dogo likaivuta ndege mpaka uwanjani, kule nyuma ya uzio, wote wakaiona. Jeti ndogo nyeupe, mstari wa bluu ubavuni. Siku wanagoma waliiacha ya kijani, haijapakwa rangi.

"Wameimaliza," mmoja akasema. "Wale wahasibu waliopewa nyundo zetu wameimaliza kweli."

"Itatua kwenye paa la kanisa, subiri uone."

"Labda bawa moja limewekwa kichwa chini."

Miro hakucheka. Alikuwa anasoma namba kwenye mkia. Kumi na tisa. Ule ndio mkia wa mwisho walioufanyia kazi yeye na Darlene. Mkono wake ukashuka wenyewe mpaka kwenye buti la mguu wa kushoto, ukapapasa. Hakuna kitu. Ila haya yalikuwa mabuti ya nyumbani. Ya kazini yalikuwa kwenye gari. Akaenda mbio, akafungua nyuma ya gari, akalipindua buti la kushoto la kazini.

Ikadondoka soksi tupu.

Sasa sikia. Kiwandani pale kila kifaa kina namba. Asubuhi unachukua dirishani, ukimaliza unarudisha, kila kimoja kinalala kwenye shimo lake ndani ya sanduku. Shimo moja likibaki wazi, ndege haitoki, hata mwenyewe awe rais anasubiri na mabegi. Ni sheria nzuri. Ukisahau spana kwenye trekta litakupigia kelele. Ukisahau kwenye ndege, watakusanya vipande.

Ila vyuma vya kampuni vya kushikilia ribiti vilikuwa vinene. Kule ndani ya mkia kuna kona havipiti. Mabosi waliambiwa, wakasema watalifanyia kazi, mpaka leo wanalifanyia kazi. Kwa hiyo watu wa mikia wakajichongea vyao vidogo. Waliviita mayatima, maana havina namba, havina sanduku, havina baba. Ni marufuku. Ukikamatwa na yatima unafukuzwa hapohapo. Na hakuna mtu wa mikia asiyekuwa naye. Msimamizi akipita, yatima anaingia kwenye buti, kwenye soksi. Wa Darlene alilala ndani ya sidiria, na hapo nani angethubutu kukagua?

Yatima wa Miro alikuwa kipande kidogo kama sabuni iliyoogewa wiki nzima. Alikichonga mwenyewe kutoka kwenye chuma cha mashine ya mjomba wake ya kuvunia ngano.

Siku ya mgomo mkataba uliisha mchana. Ilipofika saa yenyewe, jengo zima likaanza kugongwa. Nyundo kwenye meza, spana kwenye nguzo, watu wanapiga miluzi, huwezi kusikia hata mawazo yako. Darlene akaupiga mkia ngumi kutoka nje: "Toka humo we panya! Tumegoma!" Miro akamweka yatima kwenye ukingo mdogo kule ndani, apate mikono miwili ya kujivuta. Ndivyo alivyofanya siku zote. Siku zote akishatoka nusu, anarudisha mkono anamchukua. Siku ile alitoka nusu, watu wakamvuta nusu iliyobaki, wakambeba juu juu wanaimba. Vifaa vya kampuni vikarudishwa dirishani, vikakaguliwa, mashimo yote yamejaa. Kwenye karatasi mkia ukawa safi.

Na ukingo ule uko juu kidogo ya fimbo inayosukuma kile kibawa cha nyuma. Fimbo ikienda huku, ndege inainua pua. Ikienda kule, inashusha. Chuma kikianguka pale kikakwama, rubani atavuta mpaka achoke, ndege haisikii.

Alimkuta Darlene ndani ya gari lake, anakula mkate wa kabichi na nyama, ile mikate ya Wajerumani wa mashambani ambayo ukoo wake unaioka kwa mabeseni. Akampa Miro mmoja. Miro akaushika tu.

"Bi mkubwa. Nimemwacha yatima kwenye kumi na tisa."

Darlene akaacha kutafuna. "Rudia."

"Yatima wangu. Yuko ndani ya mkia. Kwenye ukingo, pale juu ya fimbo."

Darlene akatukana kwa Kijerumani cha bibi yake, akatukana tena kwa lugha ambayo kila mtu anaelewa, kisha akapandisha kioo cha gari. Hapo ndipo Miro alipoogopa.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi iishie hapo kwanza."

"Kesho Merle anairusha."

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Akafuta vidole kwenye suruali. "Sikiliza, mdogo wangu. Juzi yule bosi alisema nini kwenye televisheni? Kwamba kabla hatujatoka tulilegeza nati ili ndege zianguke. Uongo mtupu. Sasa wewe unataka umpelekee chuma mkononi? 'Samahani bwana, tulikisahau'? Nani ataamini umesahau? Wenzetu wako mezani sasa hivi wanaongea nao. Jumamosi zinakaribia kurudi, Miro. Bima inarudi. Watu elfu mbili hapa."

"Na Merle ni mmoja."

"Usinipigie hesabu za kanisani."

"Si nakwambia tu."

"Wakaguzi watakiona."

"Wakaguzi gani? Wakaguzi wote wako pale kwenye pipa wanachoma soseji!"

Darlene akageuka kutazama. Kweli walikuwa wanachoma soseji. Akawasha gari. "Shuka. Naenda kwa Prentiss."

Prentiss Boyd alikuwa mwenyekiti wa chama, mtu wa suti ya bei rahisi na usingizi mdogo. Darlene alikaa huko mpaka alasiri. Aliporudi hakushuka kwenye gari, Miro akamfuata dirishani.

"Kasema mwanasheria atawaandikia," Darlene akasema. "Kwa njia inayotakiwa. Jumatatu."

"Jumatatu! Ndege inaruka kesho!"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema labda wameshakiokota, wakakitupa. Akasema pia kwamba amri iko palepale, hakuna mtu wa chama kuongea na kampuni. Ukifungua mdomo getini uko peke yako. Nakwambia kama alivyosema, sikufichi."

"Na wewe unasemaje?"

Darlene alitazama mbele kama vile kuna barabara. "Nimechoka, Miro. Mimi nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

Miro akaondoka bila kuaga. Akasimama kwenye kituo cha mafuta, akaomba simu, akapiga kampuni bila kutaja jina. Mwanamke aliyepokea alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekasirika. "Kaka, wewe ni wa saba leo. Aliyetangulia kasema kuna nyoka ndani ya bawa. Aliyemtangulia huyo kasema kahawa yetu ina sumu. Chomeni kuni zenu, mtuache tufanye kazi." Akakata.

Nyumbani Yesenia alikuwa amepika maharage na tortila, zile chapati za mahindi. Mkewe huyo alifanya kazi jikoni kwenye shule, na tangu mgomo uanze mshahara wake ndio uliokuwa unalisha nyumba. Nayeli, binti yao, alikuwa anakohoa chumbani, kile kikohozi cha kifua chake cha siku zote. Miro akamweleza mkewe yote. Yesenia akamsikiliza amesimama, mwiko mkononi.

"Usiniulize mimi," akasema.

"Sijakuuliza."

"Unaniuliza. Umeweka ile sura. Nikikwambia nyamaza, yule mzee akianguka utanitazama mimi maisha yote. Nikikwambia sema, ukifukuzwa, kifua cha Nayeli tutakitibu kwa maji ya limau. Kwa hiyo sisemi. Kula."

"Hata neno moja?"

"Neno ni hili: ulikuwa unakwenda na chuma haramu kazini miaka saba, na mimi sijui."

"Kila mtu anacho."

"Basi kesho wote waseme." Akamwekea sahani kwa nguvu. "Utaona kama watasema."

Asubuhi upepo ulikuwa umetulia. Miro aliuona utulivu huo tangu kitandani, matawi nje hayagongi ukuta. Alitumaini mpaka dakika ya mwisho kwamba upepo utamsaidia. Upepo nao ukasusa.

Getini watu walikuwa wengi kuliko jana, kwa sababu uvumi ulikuwa umeenea kwamba makubaliano yanakaribia. Kuna aliyeleta ngoma. Darlene alimwona Miro, akamtazama muda mrefu, akageukia upande mwingine kuwapanga watu. Pikapu ya kijivu ikatokea kwenye kona.

Miro akatoka kwenye mstari, akaenda kusimama katikati ya njia.

"We, mwache mzee apite!" mtu akapiga kelele. "Huyo si wetu!"

Merle akafunga breki, akashusha kioo. "Kijana, unataka kugongwa? Hukusikia bima yako imekatwa?"

"Ya kumi na tisa usiirushe."

"Nini?"

"Kuna chuma ndani ya mkia. Kwenye ukingo juu ya fimbo ya kibawa, upande wa kulia ukiingiza kichwa. Kidogo hivi. Usiirushe mpaka wakitoe."

Merle hakucheka tena. Alikuwa na macho ya bluu yaliyopauka, na sasa yalikuwa hayapepesi. "Umekiweka wewe?"

"Nilikisahau. Siku tunatoka. Ni changu, hakina namba."

"Jina lako nani?"

"Jina la nini? Nimeshakwambia mahali kilipo."

"Kijana, nisikilize. Kila siku wanapigiwa simu za nyoka na mabomu. Nikiingia pale nikasema nimesikia uvumi getini, watanitoa kwenye ndege wampandishe mwenzangu, yule ni mtoto mdogo ana haraka ya kupaa. Nikiingia na jina la mtu wa mikia aliyekiacha kwa mkono wake, watafungua. Nipe jina."

Nyuma watu walishaanza kusogea. "Miro! Unaongea nini na huyo?" "Anamwomba kazi!" "Amri ni nini, Miro?" Mmoja akaigonga pikapu kwa bango. Ngoma ilikuwa imenyamaza.

"Ramiro Arredondo," Miro akasema. "Ramiro, si Miro. Miro hawamjui ofisini."

Merle akaitikia kwa kichwa mara moja, akapandisha kioo, akaingia. Miro alipogeuka alikuta nyuso. Bili Penner, fundi wa mabawa ambaye walikuwa wanaenda pamoja kuvua samaki, akamsukuma kifuani.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba kuna yatima ndani ya mkia."

Ilikuwa kama kawaambia mama zao wamekufa. Kisha wote wakaongea kwa mpigo, na Darlene akapita katikati yao kama boti, mabega mbele, akasimama kati ya Miro na Penner.

"Anayetaka kumgusa apitie kwangu," akasema. "Na wewe Miro, nenda kakae kwenye gari lako. Sitaki kukuona."

Mchana milango ya jengo ilifunguliwa na ndege ikarudishwa ndani. Jioni kabla jua halijazama Merle akatoka. Alisimamisha pikapu pembeni ya gari la Miro, akashuka. Miro akashuka pia. Alikuwa ameshaandaa maneno ya kujibu shukrani, maana alijua zitakuja, na alitaka kuzikataa kiungwana.

"Kimepatikana," Merle akasema. "Kilishaanguka kutoka ukingoni. Kilikuwa kimelala juu ya fimbo."

"Afadhali."

"Afadhali?" Sauti ya mzee ilikuwa chini sana. "Miaka yote naruka na kazi zenu. Mke wangu akiniuliza huogopi, namwambia siogopi, wale watu wana sanduku, kila kitu kina shimo lake, shimo likiwa wazi hawanipi ndege. Mimi napaa kwa ajili ya lile sanduku. Leo ndo najua mna vingine kwenye soksi." Akatema mate pembeni. "Ni vingapi kijana? Niambie. Wangapi wanabeba?"

Miro akatazama kule getini, watu wamezunguka pipa. Wote wa mikia, na nusu ya wale wa mabawa.

"Mimi tu," akasema.

Merle akamtazama mpaka akaona uongo ulipokaa. Akapanda gari lake akaondoka.

Usiku huo yule bosi wa televisheni alikishika chuma chenyewe kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Alisema hiki ndicho walichokuwa wanakihofia. Hakusema kimesahauliwa na wala hakusema kimewekwa, aliacha watu wachague wenyewe. Kesho yake barua ikaletwa nyumbani kwa Miro na mtu wa pikipiki: amefukuzwa kazi kwa kuingiza kifaa haramu. Chama nacho kikatoa tangazo kwamba wanachama wake wote hufuata sheria ya vifaa, na kwamba hili ni kosa la mtu mmoja.

Getini hawakumpiga. Hawakumtukana hata. Alipofika siku ile walimwachia nafasi kwenye pipa, nafasi kubwa mno, kama ya mtu mwenye ukoma. Akakaa kidogo, akaenda nyumbani.

Makubaliano yakaja wiki iliyofuata. Wakaitwa kwenye ukumbi wa chama wasomewe na wapige kura. Miro alikwenda. Mpaka mkataba mpya usainiwe, kadi yake ya uanachama ilikuwa bado hai, na Yesenia alimwambia usipokwenda watasema ulijificha. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Nyuma akina mama wa chama walikuwa wanagawa bakuli za maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini, watu wanachovya hiki kwenye kile, furaha imeshaanza kabla ya jambo lenyewe.

Prentiss Boyd akapanda jukwaani. Akasoma Jumamosi: ni hiari. Ukumbi ukanguruma. Akasoma bima: inarudi kama zamani, kuanzia siku ya kwanza kazini. Watu wakasimama, kofia zikarushwa. Akasubiri watulie. Kisha akasoma kipengele cha mwisho, haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa: wagomaji wote watarudishwa kazini bila adhabu, isipokuwa mfanyakazi Ramiro Arredondo, na chama hakitakata rufaa kwa ajili yake.

"Hicho ndicho walichokataa kukiondoa," Prentiss akasema. "Nimepigana nacho siku mbili. Bila hicho hawasaini."

Vijiko vilisimama. Miro akajikuta amesimama, na hakukumbuka kuamua kusimama.

"Nina swali moja," akasema. "Humu ndani, kwa watu wa mikia na watu wa mabawa. Nani hana yatima? Anyooshe mkono."

Hakuna mkono ulionyooka.

"Haya. Nani anaye? Anyooshe."

Hakuna mkono ulionyooka. Wengine walikuwa wanatazama bakuli. Miro akamtafuta Darlene, akamwona kakaa karibu na mlango, kakunja mikono juu ya kifua, pale pale yatima wake anapolala.

"Kaa chini, shujaa," sauti ikatoka huko nyuma. "Maharage yanapoa."

Watu wachache wakacheka, na waliocheka wakaona aibu, na aibu ikawafanya wakasirike. Wakaanza kupiga kelele: kura, kura, kura.

Kwenye foleni Darlene akaja kusimama nyuma yake. Alinuka moshi wa pipa.

"Napiga ndiyo," akasema. "Nakwambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

"Sawa."

"Usiseme sawa. Nitukane."

"Ungenyoosha mkono, bi mkubwa."

"Ningenyoosha ingekuwaje? Wangetufukuza wawili. Ungepata faida gani?"

"Ningepata mtu."

Foleni ikasogea. Miro akapewa karatasi, akaingia nyuma ya pazia. Alikaa humo mpaka waliokuwa nje wakaanza kukohoa. Aliwaza Jumamosi za watu elfu mbili. Aliwaza watoto wao wenye vifua kama cha Nayeli, ambao kesho kutwa watapelekwa kwa daktari kwa kadi mpya. Mtu mwema angepiga ndiyo, na pengine baadaye wangemsimulia. Miro akaweka alama kwenye hapana, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, akatoka akaitumbukiza kwenye sanduku.

Ndiyo zilishinda kwa mbali mno, mpaka Prentiss hakumaliza kusoma. Ukumbi ukapasuka. Watu walikuwa wanalia, wanabebana, Bili Penner anacheza na beseni kichwani. Miro akapenya mpaka nje kwenye maegesho, baridi ikampiga usoni, akaifurahia.

Gari lake lilikuwa limezibwa. Huku lori, kule pikapu mbili, mbele ukuta. Akapiga honi, nani angesikia? Akarudi mlangoni, akasimama, akapaza sauti: "Jamani, sogezeni magari nitoke!" Hakuna aliyegeuka. Akasema tena. Mwishowe kijana mmoja wa idara ya kupaka rangi, asiyemfahamu Miro, akamsikia, akaita wenzake, wakatoka sita au saba, wanacheka, wamelewa furaha, funguo mikononi. Penner alikuwa mmoja wao. Alipoona ni nani, akaacha kucheka, lakini alikuwa ameshafika, akaliondoa lori lake.

Nafasi ilikuwa ndogo. Wakajipanga kumwelekeza, kama ambavyo wangemwelekeza mtu yeyote.

"Njoo, njoo, njoo! Kata kulia!"

"Kulia zaidi! We, angalia taa hiyo!"

"Polepole. Hapo. Nyoosha sasa."

Mmoja akamfungulia mlango wa abiria, akamtupia mkate wa mdalasini uliofungwa kwenye karatasi, wa moto bado, akaufunga. "Endesha vizuri, kaka," akasema, akapiga paa la gari kwa kiganja.

Miro akaingia barabarani. Nyuma wakaanza kurudisha magari yao pale alipotoka.